Mikanda ya video Kilosa, Mikumi ihamishwe kabla haijaharibika

MKULIMA wa Kilosa akishaweka mahindi ghalani hafungi mlango na kusubiri hadi mwakani. Huyakausha, huyachanganya na dawa, na kila baada ya wiki kadhaa huchota kidogo kuangalia kama dumuzi ameingia. Anajua kuwa gunia lililosahauliwa hugeuka unga.

Lakini kuna mali nyingine ambayo wengi wameisahau juu ya kabati, kuanzia Kimamba na Rudewa hadi Mikumi kando ya barabara kuu. Hiyo ni mikanda ya video. Imebeba harusi, ngoma, mikutano ya vijiji, mafunzo ya kilimo na sura za wazee ambao hawapo tena.

Mkanda wa video ni utepe wa plastiki uliopakwa chembechembe za sumaku. Joto na unyevu huzilegeza chembe hizo, na ukungu humaliza kazi. Umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka 10 na 30 kutegemea utunzaji. Ile iliyorekodiwa miaka ya 1990 imefikia kikomo hicho au inakikaribia.

Hata mkanda ukiwa mzima, deki za kuuchezea zinakwisha. Kampuni ya Funai ya Japan, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Mwaka 2019 UNESCO na IASA, chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha, walitoa tahadhari kuwa kufikia mwaka 2025 hivi mashine na vipuri vingekuwa adimu mno. Kwa hiyo anayesubiri gharama ishuke anakosea hesabu. Kadiri deki zinavyopungua, gharama hupanda.

Kilosa ina sababu ya ziada. Mto Mkondoa ulipofurika Desemba 2009 na Januari 2010, maelfu ya watu walipoteza makazi na reli ya kati ikakatika. Picha zenye nakala moja tu, ndani ya nyumba moja, hazina kinga dhidi ya maji kama yale.

Yupo atakayeuliza faida yake ni nini. Miaka ya 1990 mikoani Mtwara na Lindi, mradi wa RIPS uliofadhiliwa na Finland uliwawezesha wavuvi kutumia video kupinga uvuvi wa baruti mbele ya viongozi. Katika wilaya yenye migogoro ya ardhi kati ya wakulima na wafugaji kama Kilosa, mkanda wa mkutano uliojadili mpaka hauchukui nafasi ya hati, lakini unaonyesha nani alikuwapo na nini kilisemwa.

Kwa mfanyabiashara mdogo, hii ni kazi ya kulipwa. Studio yenye kompyuta inahitaji deki nzima, kifaa cha kuingizia picha kwenye kompyuta, na diski ya nje. Gharama kubwa ni muda, kwani mkanda wa saa moja huhamishwa kwa saa moja, hivyo bei ipangwe kwa saa. Picha za MiniDV huchukua takriban GB 13 kwa saa, na diski ya TB 1 hubeba zaidi ya saa 70.

Mkanda wenye ukungu usiingizwe kwenye deki kabla ya kusafishwa, kwani utachafua hedi na kuharibu mikanda mingine. Kile kipande kidogo cha plastiki ubavuni mwa mkanda wa VHS kivunjwe, ili asije mtu akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. DVD au flashi pekee haitoshi. Ziwepo nakala tatu, moja ikae mbali, kwa mfano kwa ndugu aliye Morogoro mjini, na zikaguliwe kila mwaka. Mkanda wenyewe usitupwe. Na picha za familia ni mali ya familia. Mwenye studio asizisambaze bila ridhaa.

Taasisi nazo zina wajibu. TARI Ilonga, chuo cha kilimo cha MATI Ilonga, Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa zikague makabati yao, ziorodheshe mikanda iliyopo na kuanza na ile iliyo katika hali mbaya zaidi. Halmashauri inaweza pia kukipa kikundi cha vijana mkopo kutokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, kikanunua deki mbili na kuzunguka vijijini. VETA Mikumi ingeweza kuwafundisha vijana hao kuzitengeneza.

Familia isiyo na uwezo wa kuhamisha yote ichague mikanda mitatu isiyo na mbadala na kuipeleka studio msimu huu, baada ya mavuno, fedha zikiwa bado mkononi.