Ufunguo Umepotea: Gari Lilindwe Kwanza

Leo tuzungumze juu ya kitu kidogo kikaacho mfukoni, nacho ni ufunguo wa gari. Labda mmoja wenu atasema: "Mimi sina gari, maneno hayo yanihusu nini?" Ngoja kwanza. Siku hizi ni kijiji gani kisicho na pikipiki? Kijana wako anaendesha bodaboda ya mkataba, jirani yako ana bajaji, na padre ana gari la kuendea vigangoni. Kila chombo kina ufunguo wake, na kila ufunguo waweza kupotea.

Tuseme wewe watoka Sengerema na gari la kuazima, umekuja Butimba kumwona mwanao anayesoma Chuo cha Ualimu. Zamani ungalingoja kivuko pale Busisi, lakini tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2025 wavuka upesi. Umeegesha karibu na soko, umenunua samaki, sasa warudi. Watia mkono mfukoni: hamna. Watia mkono mfuko wa pili: hamna. Moyo unapiga kama ngoma. Utafanya nini?

Watu wengi hapo hukimbia. Hurudi sokoni mbio, huuliza huku na huku, na gari limeachwa peke yake. Hilo ndilo kosa kubwa. Maana aliyeokota ufunguo, kama ni mtu mbaya, hana haja ya kukutafuta wewe. Yeye hulitafuta gari. Kama ni ufunguo wenye kitufe, atapita kando ya magari akibonyeza, na taa zitakazowaka zitamwonyesha lipi ni lako. Basi shika utaratibu huu.

Kwanza, usiliache gari. Kama mko wawili, mmoja abaki na mwingine aende kutafuta. Kama u peke yako, mwite mwenye duka la karibu au mlinzi, umweleze habari, na mpeane namba za simu. Kisha chungulia ndani, maana mara nyingi ufunguo umo katika swichi, au umeanguka chini ya kiti. Kama mlango u wazi, toa kadi ya gari na vitu vyote vya thamani.

Kama ni pikipiki, kumbuka kwamba usukani haufungiki bila ufunguo. Kwa hiyo pitisha mnyororo wenye kufuli katika gurudumu na katika nguzo imara. Huna mnyororo? Ng'oa plagi uitie mfukoni. Pikipiki isiyo na plagi haiwaki. Au iombee nafasi uani kwa mtu unayemfahamu.

Hapa nina neno moja zito kwa wazazi. Ikiwa ufunguo umefungiwa ndani ya gari pamoja na mtoto, msingoje fundi, wala msibishane juu ya gharama. Gari lililofungwa juani huwa kama tanuri. Katika dakika 10 joto la ndani laweza kupanda digrii 10 au zaidi, na mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima. Kama mlango haufunguki mara hiyo, vunjeni kioo cha upande ulio mbali na mtoto, mkamtoe. Kioo hununuliwa, mtoto hanunuliwi.

Pili, tafuta kwa akili. Usiulize, "Ufunguo uko wapi?" Jiulize, "Mara ya mwisho niliushika wapi, na mkono wangu ulikuwa na kazi gani?" Aliyelipa samaki alitoa pesa mfuko ule ule wenye ufunguo. Aliyebeba mtoto aliutia katika kikapu. Rudi kwa njia ile ile uliyopita, ukitazama chini, na kila muuzaji uliyesimama kwake mwachie namba yako. Lakini usiitangaze namba ya gari sokoni kote.

Wale wa mwaloni wana shida yao. Ufunguo ukianguka katika maji ya pwani penye majani, haraka yako isikutie majini kupapasa. Maji ya namna hiyo katika ziwa letu yana kichocho, nacho hupenya katika ngozi. Tumia reki, au sumaku iliyofungwa kwenye kamba, nayo yaweza kuunasa kama una chuma. Ukiupata, ufute, utoe betri yake ndogo, uuache ukauke kivulini, usiuanike juu ya moto.

Wakatoliki wengi hapo humwomba Mtakatifu Antoni wa Padua, aliyefariki mwaka 1231, kwa ajili ya vitu vilivyopotea. Ni vema. Ila mwombe huku mtu akililinda gari.

Tatu, giza likiingia na ufunguo haujapatikana, gari lisilale njiani. Kama milango i wazi, fungua boneti ulegeze waya wa betri upande wa hasi, uuondoe. Kama milango imefungwa, mwombe dereva mwingine aegeshe gari lake karibu sana mbele yako, na ukuta uwe nyuma. Tena weka mlinzi. Ujira wa mlinzi wa usiku mmoja si kitu mbele ya bei ya gari. Mfikirie kijana wa mkataba: amelipa kila juma kwa miezi mingi, na bado chombo si chake. Kikiibwa usiku huo, atabaki na deni, na nyumba yake itabaki na njaa.

Nne, nenda polisi, kisha kwa fundi. Polisi hutoa hati ya kupotelewa na mali, na siku hizi maombi yake hufanyika hata kwa mtandao wa Jeshi la Polisi. Hati hiyo hukulinda, maana mtu akilitumia gari lako kwa uovu, kuna maandishi kwamba ulipoteza ufunguo tarehe fulani. Fundi wa haki naye atakuuliza, "Kadi ya gari iko wapi?" Usikasirike. Yule achongaye ufunguo bila kuuliza lolote, kesho atamchongea mwizi ufunguo wa gari lako.

Wengi hushangaa kwa nini ufunguo mmoja wapewa bei kubwa. Sababu ni hii. Magari ya zamani yaliwashwa kwa kuzungushwa hendeli mbele. Mwaka 1949 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa gari la kuwashwa kwa kuzungusha ufunguo tu. Ufunguo wa namna hiyo ni chuma kilichochongwa meno, na fundi wa mjini huuiga upesi. Baadaye wezi walizidi, wakatengeneza ufunguo wenye chipu ndani yake. Tangu mwaka 1998 nchi za Umoja wa Ulaya zilitaka magari mapya yote ya abiria yawe na kizuizi cha namna hiyo. Chipu huongea na gari kimyakimya. Gari lisipoitambua, injini haiwaki hata meno yakilingana. Kwa hiyo fundi hachongi tu, hulifundisha gari kuujua ufunguo mpya. Mwambie pia aufute ule uliopotea katika kumbukumbu za gari. Ukiokotwa baadaye utafungua mlango labda, lakini hautawasha injini.

Pikipiki nyingi hazina chipu. Huko dawa ni kubadilisha swichi nzima pamoja na funguo zake. Na kama ufunguo wa nyumba ulikuwa katika pete moja na wa gari, badili kitasa cha nyumba pia.

Tano, nalo ni kubwa kuliko yote: usimtuhumu mtu. Ufunguo ukipotea nyumbani, jicho la kwanza humwangukia nani? Msichana wa kazi, mtoto wa kambo, mkwe asiyependwa, kijana wa jirani aliyepita kuomba maji. Kisha atatokea mtu wa kusema, "Twende kwa mganga akapige ramli." Hapana! Huku kwetu kanda ya ziwa tunajua vizuri mahali ramli ilikowafikisha watu: vizee wasio na kosa wamepigwa, na wengine wameuawa, kwa maneno ya mpiga ramli aliyetaka fedha. Ufunguo utaonekana wiki ijayo katika gunia la mahindi, lakini jina la mtu uliyelichafua nani atalisafisha? Kama unao ushahidi, upeleke polisi au kwa mwenyekiti wa kijiji. Kama huna, funga mdomo, uendelee kutafuta.

Na wewe unayeokota ufunguo wa mtu, usiutie mfukoni ukasema, "Nimeokota, ni wangu." Upeleke polisi, au ofisi ya serikali ya mtaa, au kwa msimamizi wa soko. Kwako ni chuma tu, lakini kwa mwenyewe ni chakula cha watoto.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Magari mengi yatokayo Japani yakiwa yametumika hufika na ufunguo mmoja tu. Mwenyewe hufurahi kwa gari akasahau la pili. Chonga wa pili wakati wa kwanza ungalipo, maana kuiga ufunguo uliopo ni rahisi kuliko kutengeneza pasipo na hata mmoja. Usiufiche ndani ya gari, wala chini ya gurudumu, wezi wanakujua huko. Kadi ya gari nayo isikae garini. Katika pete ya funguo andika namba ya simu tu, usiandike jina la kijiji wala namba ya gari.

Tena, baba mwenye gari, ufunguo wa pili usiwe siri yako peke yako. Mkabidhi mama wa nyumba, ajue ulipo. Siku moja wewe utakuwa safarini, na usiku wa manane uchungu wa kuzaa utamshika binti yako. Dereva wa jirani yuko tayari, gari liko uani lina mafuta, njia ya Bugando ni wazi, na ufunguo uko mfukoni mwako huko Shinyanga! Gari hilo lina faida gani?

Basi, jioni hii mkishakula, ulizaneni nyumbani swali moja tu: "Ufunguo wa pili uko wapi?" Kama hakuna anayejua, kazi ya kesho asubuhi mmeipata.