Kabla Hujanunua AC ya Karakana, Tazama Juu

Wazee wangu, mama zangu na vijana wa Ushongo, Bweni, Mwera na popote mnaponisoma: joto la Februari na Machi likifika, swali ninaloulizwa barabarani si la minazi wala mihogo. Ni hili: "Bwana shamba, nimepata kihela, nataka kufunga AC kwenye banda langu la kazi. Nichukue ya ukubwa gani?"

Jibu langu ni usichukue. Kwanza tazama juu, uone umeezeka nini.

Najua jibu hili halipendwi. Imeshaingia vichwani kwamba kiwanda cha kisasa ni chenye AC, na kwamba ukiwa na pangaboi bado uko gizani. Fikra hiyo wanaipalilia wauzaji, na wakati mwingine, niseme ukweli, hata sisi watumishi tunaokuja kukagua mradi tukasifia kibaridi kabla ya kuuliza daftari la mapato. Nimeona andiko la kikundi la kuombea mkopo ambamo AC mbili zilikula fedha nyingi kuliko mashine ya kukamulia mafuta. Mtu aliyewaandikia alikuwa ndiye anayeuza hizo AC.

Hebu tupige hesabu. Karakana ya mita 10 kwa 8 ni mita za mraba 80. Kwa makadirio ya mafundi, chumba cha kawaida chenye dari kinahitaji kama BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Hapo tayari ni BTU 48,000, yaani mashine mbili za 24,000. Sasa banda lako si chumba cha kawaida. Ni bati tupu lisilo na dari, madirisha ya wavu, watu 6 ndani na jiko linawaka. Hizo mbili hazitatosha. Muuzaji anajua hivyo, ila kwa kuwa mfuko wako hauifikii bei ya mbili, anakuuzia moja ya 12,000 na kukwambia "itajitahidi". Mashine ndogo kwenye banda kubwa haijitahidi. Inafanya kazi mfululizo bila kompresa kupumzika hata dakika, inakula umeme, na wewe unatoka jasho vile vile.

Upande wa Luku. Kwa bei za umeme zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa kama shilingi 122 kwa uniti, kodi zikiwemo. Anayezidi hapo anaangukia kwenye shilingi 350 na ushee. Ndiyo maana jirani yako akitia elfu kumi anapata uniti 80 na kitu, na wewe unapata 28. AC moja ya BTU 12,000 inayotumia kilowati 1, kwa saa 8 na siku 26, ni uniti 208, sawa na shilingi 74,000 hivi kwa mwezi. Mbili za 24,000, kila moja kilowati 2, ni uniti 832. Hiyo ni karibu shilingi 296,000. Pangaboi tatu za wati 75 kwa saa zile zile ni uniti 47, shilingi 17,000 hata kwa bei ya juu. Na kama karakana na nyumba vinatumia mita moja, AC inaitoa nyumba nzima kwenye bei nafuu: taa, friji, redio, vyote vinalipiwa ghali. Uza sabuni ngapi kufidia hapo?

Lakini fedha si kinachoniuma zaidi. Kinachoniuma ni milango.

Wengi mnadhani AC inaleta hewa kutoka nje. Haileti. Ile sehemu ya ukutani inavuta hewa iliyomo chumbani, inaipoza, inairudisha hiyo hiyo. Ya nje inatupa joto tu. Kwa hiyo ili AC ifanye kazi unafunga milango na kuziba matundu, na humo ndani kuna mama anayekoroga kostiki ya sabuni, au jiko la mkaa linalochemsha tui kutoa mafuta. Mkaa una sumu isiyo na harufu, kaboni monoksidi. Inaanza kwa kuumwa kichwa na kizunguzungu, watu wanasema ni joto, wanaongeza baridi, wanafunga mlango vizuri zaidi. Hivyo ndivyo mtu anavyokufa. Penye moto, kostiki, rangi au vanishi, kataa kabisa kufunga chumba, awe amekuja nani na kadi gani ya punguzo. Seremala naye ajue kwamba vumbi la mbao linaziba vichujio kwa siku chache.

Tena jiulize ni nini hasa unachotaka kupoza. Mashine ya kwanza ya namna hii, aliyoibuni Willis Carrier mwaka 1902 kwa kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, haikutengenezwa kwa ajili ya starehe ya wafanyakazi. Karatasi zilikuwa zinavuta unyevu na kuvimba, rangi hazikai mahali pake. Walijua tatizo lao ni unyevu kwenye karatasi. Wewe lako ni lipi?

Kama ni mafuta ya nazi, ukiweka AC nyuzi 20 mafuta yataganda. Chini ya nyuzi 24 hivi yanaanza kuwa mazito na hayachujiki. Utalipia umeme wa kuyagandisha, kisha kuni za kuyayeyusha. Kama ni samaki, AC haihifadhi samaki. Samaki anataka barafu, karibu na sifuri. Fedha ya AC inunue friza. Kama ni mwani au mbata, unachotaka ni jua na upepo, na hivyo Mungu ametupa bure.

Kama ni nyinyi wenyewe mnaoumia na joto, na ni haki yenu kutoumia, basi anza na paa. Bati tupu saa 7 mchana ni jiko lililogeuzwa juu chini. Lipake rangi nyeupe kwa nje. Weka dari, hata ya mbao nyepesi, na uache tundu la kutokea hewa ya moto kileleni. Pasipo na moto chini, tandaza makuti juu ya bati, minazi tunayo. Penye jiko usithubutu, cheche moja inatosha. Anayejenga upya aelekeze ubavu mrefu wa banda kaskazini na kusini, ili jua la jioni lipige upande mfupi, na afungue madirisha makubwa pande zote mbili. Sisi tuna kaskazi miezi ya joto na kusi kuanzia Aprili, upepo unaingia huku unatokea kule. Waliojenga zile nyumba za mawe na chokaa Pangani mjini walijua mambo haya bila Luku.

Ile "feni ya maji" inayouzwa kama AC ya maskini, iacheni. Dodoma inafaa kwa sababu hewa ni kavu. Hapa pwani hewa imeshashiba maji, inakuongezea fukuto tu na ukungu kwenye bidhaa.

Je, AC haina mahali? Inapo. Unayefungasha viungo kutoka milima ya Muheza, iliki au pilipili manga iliyosagwa, unyevu wetu utakuharibia mzigo. Kata chumba kimoja cha mita 3 kwa 4, chenye dari na kuta zilizozibwa, bila jiko, ufungashie humo. Hicho ni mita za mraba 12, BTU 9,000 zinatosha, 12,000 ukiwa na watu kadhaa. Chukua ya inveta. Uliza gesi: ukiambiwa R22, hasa kwa mtumba, ondoka, kwani gesi hiyo inaondolewa duniani chini ya Itifaki ya Montreal na kujaza kutakuwa shida. Weka stabilaiza, maana umeme wetu wa mwisho wa laini ukishuka ndio unaoua kompresa. Sehemu ya nje ikae upande usiotazama bahari, na isuguliwe chumvi kwa maji baridi ya kisima kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa. Na kabla hujatoa fedha, muulize muuzaji ni fundi gani atavuka kuja Ushongo mashine ikigoma, na nauli yake atalipa nani. Aandike kwenye risiti.