Kusikia Si Kutangaza



Huko Marekani wako watu ambao jioni, kazi ikiisha, huketi mbele ya redio ndogo na kusikiliza maongezi ya polisi, wazimamoto na magari ya wagonjwa. Si wapelelezi wala si wezi. Ni wapenda redio tu. Chombo chao huitwa skana, nacho hupita upesi juu ya masafa mengi na kusimama pale penye sauti. Desturi hiyo ni ya zamani. Polisi wa Detroit walipoanza kuyaita magari yao kwa redio mwaka 1928, yeyote mwenye kipokezi cha kufaa aliweza kusikia. Mwaka 1938 mpigapicha wa New York aliyeitwa Weegee alipata ruhusa ya kuweka redio ya polisi garini mwake.

Leo kazi hiyo yataka akili zaidi. Zamani kila kikosi kilikuwa na mkondo wake, ukishaupata, umemaliza. Sasa katika miji mingi mikondo michache hutumiwa na maelfu ya redio kwa pamoja. Fikirini kituo cha pikipiki: hakuna familia yenye pikipiki yake pale, bali iliyo huru ndiyo humchukua abiria anayefuata, na aliyekwenda sokoni kwa moja aweza kurudi kwa nyingine. Ndivyo askari akibonyeza kitufe kompyuta humpa mkondo ulio wazi, na jibu laweza kupita mkondo mwingine. Mkondo mmoja hutoa maagizo tu, bila sauti ya mtu. Skana husoma maagizo hayo na kuyafuata maongezi yanaporuka. Nami naustahi uvumilivu wa wanaojifunza mambo haya bila kulipwa.

Lakini swali kubwa si la ufundi. Sheria ya mawasiliano ya Marekani ya 1934, kama ilivyoandikwa mwanzoni, ilimkataza mtu kunasa ujumbe asiotumiwa kisha kuutangaza. Sheria ya 1986 ikaruhusu waziwazi kusikiliza redio za polisi na wazimamoto ambazo umma waweza kuzipata kwa urahisi. Walioandika mwaka 1934 waliona jambo ambalo sisi, wenye simu mkononi, twalisahau upesi: sikio na ulimi ni viungo viwili.

Tazameni Boston, Aprili 2013, baada ya mabomu kulipuka kwenye mbio za marathoni. Usiku wa msako watu wengi mno walisikiliza redio ya polisi kwa intaneti. Ukaenea ujumbe kwamba polisi wametaja hewani jina la mwanafunzi fulani kuwa mshukiwa. Waliozisikiliza rekodi baadaye hawakulikuta jina lile. Kijana huyo hakuhusika kabisa. Alikuwa ametoweka tangu Machi, na siku chache baadaye maiti yake ilionekana mtoni. Jamaa zake, waliokuwa bado wakimtafuta, walitukanwa na watu wasiowajua. Polisi nao ilibidi waombe hadharani kwamba nyumba zinazopekuliwa zisitajwe.

Hata hivyo, siungi mkono wanaotaka kufunga kila kitu. Huko California, tangu 2021, wako watu wa kujitolea wa Watch Duty, baadhi yao wazimamoto wastaafu, ambao husikiliza redio za zimamoto na kuwapasha wakazi habari za moto wa msituni. Januari 2025, Los Angeles ilipokuwa ikiungua, mamilioni walizitegemea habari zao. Redio ni ile ile. Tofauti ni kwamba hawa wanajua maana ya maneno wanayoyasikia, na wanasema linalomsaidia mtu kukimbia. Tena raia anayesikia mamlaka ikifanya kazi kwa sauti yake yenyewe, kabla taarifa haijapambwa ofisini, ana ushahidi ambao si rahisi kuupata kwingine.

Denver ilizifunga redio za polisi wake kwa namba za siri mwaka 2019. New York ilianza 2023. Chicago nayo ilizifunga, ila umma husikia baada ya nusu saa. Kwa maoni yangu Chicago ilikuwa na busara zaidi: nusu saa yatosha kumlinda askari aliye mlangoni kwa mtu mwenye bunduki, ingawa kwa mwandishi wa habari ni ndefu.

Nusu saa, lakini, haimlindi mama ambaye anwani yake na ugonjwa wa mwanawe vimetajwa hewani. Mwaka 2020 wizara ya sheria ya California iliviambia vikosi vyake vichague: ama vifunge redio, ama viweke kanuni ya kutotaja habari za siri za watu hewani. Vingi vilichagua kufunga. Mimi ningechagua kanuni: jina na ugonjwa viandikwe kwenye kompyuta ya gari, na redio ibaki wazi kwa yale yanayouhusu mtaa mzima.