Badilisha vipira kwanza, ndipo uhukumu besi
Ndugu mwandishi, uliposema katika makala yako kwamba iafoni ulizozijaribu hazina besi umezihukumu mapema mno. Hukutaja ulitumia vipira vya saizi gani kwenye ncha zake! Iafoni za kuingia ndani ya sikio hutegemea kuziba tundu lake; ukibaki upenyo kidogo tu, sauti nzito ndizo zinazopotea kwanza, unabaki na zile kali za juu. Sikio langu la kushoto ni dogo kuliko la kulia, kwa hiyo navaa kipira kidogo upande huo na cha kati upande wa pili, na gitaa la besi la bendi ya Msondo Ngoma nalisikia vizuri hata ndani ya daladala. Na wewe uliyeandika kwenye maoni hapo juu kwamba dawa ni kuongeza sauti, tafadhali usiwashauri watu hivyo. Ili kulinda masikio, Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wasizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kipira kikiziba vizuri, kelele za nje hupungua na sauti ya chini inatosha. Kuhusu kukaa vizuri sikioni, dakika chache za kuzijaribu dukani hazisemi kitu, maumivu huja baadaye. Mwandishi, zijaribu tena na vipira vingine, kisha utuandikie.