Kusitisha si Kufuta: Mbunge, Mpigakura na Adhabu ya Kifo

Katika barabara ya Kimathi, katikati ya jiji la Nairobi, imesimama sanamu ya mtu aliyenyongwa kwa amri ya mahakama. Dedan Kimathi alihukumiwa huko Nyeri mwaka 1956 kwa kosa la kupatikana na bastola, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Alikuwa mmoja tu kati ya watu zaidi ya 1,000 walionyongwa wakati wa Hali ya Hatari. Miaka 50 baadaye, siku ya tarehe iyo hiyo mwaka 2007, sanamu yake ilizinduliwa kwa heshima za kitaifa. Aliyeitwa mhalifu sasa anaitwa shujaa. Hukumu za wanadamu hubadilika, lakini maji yakimwagika hayazoleki: aliyenyongwa harudi kuipokea heshima yake.

Kutoka sanamu hiyo hadi Majengo ya Bunge ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Hata hivyo, adhabu iliyomwua Kimathi ingali katika Kanuni ya Adhabu ya taifa huru. Je, ni wabunge wangapi waliowahi kuitisha baraza katika maeneobunge yao ili kuwaeleza wapigakura hali halisi ya jambo hili? Mbunge hatumwi kupiga kura tu. Hutumwa pia arudi akaeleze. Eneobunge la Westlands lina majumba ya kifahari ya Kitisuru, lakini pia lina Kangemi. Dagoretti Kaskazini ina Kileleshwa, lakini pia ina Kawangware na Gatina. Mkaazi wa Kileleshwa huenda ana wakili wa kumfafanulia sheria. Kijana wa Gatina huenda akakutana nayo kwa mara ya kwanza akiwa kizimbani.

Swali la kwanza ambalo mpigakura wa Kangemi angeuliza barazani ni jepesi: je, Kenya bado inanyonga watu? Jibu lake linahitaji vitenzi vitatu, na ni katika kuvichanganya ndimo umma unamopotoshwa.

Kitenzi cha kwanza ni kusitisha. Watu wa mwisho kunyongwa nchini walikuwa Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu, mwaka 1987, kwa kosa la uhaini lililotokana na jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982. Tangu hapo kitanzi hakijatumika. Lakini kutotumika si kuondolewa. Mahakama zimeendelea kutoa hukumu ya kifo mwaka baada ya mwaka, na aliyehukumiwa hulala na kuamka akijua kwamba uhai wake unategemea desturi tu, wala si sheria.

Kitenzi cha pili ni kubadilisha. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia adhabu wafungwa zaidi ya 4,000, kutoka kifo hadi kifungo cha maisha. Rais Uhuru Kenyatta aliwafanyia hivyo wafungwa 2,747 mwaka 2016. Mwezi Julai 2023 Rais William Ruto naye alizibadilisha hukumu za kifo zilizokuwa zimetolewa hadi tarehe 21 Novemba 2022. Mamlaka haya ya huruma yamo katika Kifungu cha 133 cha Katiba. Yana heri, lakini yana mpaka: huwahusu waliokwisha kuhukumiwa, wala hayamzuii hakimu kutoa hukumu kama hiyo kesho yake asubuhi. Isitoshe, vinywani mwa watu neno kubadilisha hugeuzwa haraka kuwa kusamehe. Mjane aliyeuawa mumewe asikiapo kwamba wafungwa “wamesamehewa”, hudhani muuaji yu njiani kurudi mtaani. Ghadhabu yake ina haki. Habari aliyopewa ndiyo yenye kosa.

Kitenzi cha tatu ni kufuta. Hiki ni cha Bunge, na bado hakijatendwa.

Mahakama ya Juu ilisogea hatua moja. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu na mwenzake, iliamua kwamba ni kinyume cha Katiba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila mwenye hatia ya mauaji. Jaji sasa aweza kuyasikiliza maelezo ya mshtakiwa kabla ya kuamua adhabu. Lakini mwezi Julai 2021 mahakama iyo hiyo ilifafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji pekee. Hapo ndipo penye ajabu. Aliyeua aweza kupewa miaka kadhaa gerezani, ilhali kifungu cha 296(2), kinachohusu wizi wa mabavu, bado kimeandikwa kwa namna ya kumfunga hakimu mikono. Na ili wizi uwe wa mabavu katika kifungu hicho, si lazima mtu afe. Yatosha mwizi awe na silaha ya hatari, au awe na mwenzake, au ampige anayemwibia. Vijana wawili wanaomnyang’anya mpita njia simu kwa nguvu waweza kuingia humo. Mzazi wa Kawangware anastahili kulijua hilo kabla ya mwanawe kufikishwa kortini, si baadaye.

Hata hivyo, mbunge asiwaendee wananchi na nusu ya hadithi. Wapo walioporwa wakitoka kazini alfajiri, na wapo waliozika. Hao watauliza: mbona mwatetea wahalifu? Hawa wajibiwe kwa heshima. Wizi wa mabavu umebeba adhabu ya kifo kwa miongo mingi, na bado mama muuza mboga huogopa kichochoro chenye giza. Kitanzi hakikumletea taa wala askari wa doria, wala hakikuiharakisha kesi yake. Aidha, kufuta adhabu ya kifo si kulifungua lango la gereza. Mhalifu hubaki kifungoni. Rwanda, iliyoshuhudia mauaji ya kimbari mwaka 1994, ilifuta adhabu hiyo mwaka 2007. Ikiwa nchi yenye makaburi mengi kiasi hicho iliweza kutafuta haki bila kitanzi, hoja ya kwamba Kenya haiwezi inahitaji ushahidi mzito.

Kwa nini basi maelezo haya hayajafika barazani? Sababu moja ni woga wa kura. Nyingine ni lugha, na hii inawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili moja kwa moja. Kanuni ya Adhabu imeandikwa kwa Kiingereza, na hukumu ya Muruatetu vilevile. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Kifungu cha 120 kinakifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Lakini haki iliyoandikwa kwenye Katiba haitafsiri sheria yenyewe. Idara za Kiswahili zimezalisha istilahi za fonolojia na za uhakiki kwa bidii ya kusifika. Ni lini zitawapa wananchi istilahi thabiti za kizimbani, ili kusitisha, kubadilisha na kufuta visiwe kitu kimoja masikioni mwao?

Wajibu ni wa pande mbili. Wasomi waiandae lugha, naye mbunge aitumie. Asimame Kangemi, asimame Kawangware, aseme bila kuficha: kunyonga kumesitishwa, hukumu nyingi zimebadilishwa, lakini sheria haijafutwa. Kisha aseme atapigaje kura siku mswada wa kuifuta utakapofika mbele yake, na kwa nini. Mpigakura aweza kukubaliana naye au kumpinga. La muhimu ni kwamba atakuwa anabishana kuhusu jambo analolijua.