Msimulizi wa Futuhi za Kikantoni: Mfasiri au Fanani?

Katika idara zetu za Kiswahili, somo la tafsiri aghalabu huanzia kwa Mwalimu Julius Nyerere. Tunasoma jinsi alivyomleta Shakespeare katika Kiswahili kwa Julius Caezar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, kisha tunafungua kitabu cha Mwansoko, tunajadili ulinganifu wa matini chanzi na matini lengwa, na mtihani unatukuta. Sina ugomvi na utaratibu huo. Ugomvi wangu ni kwamba ipo tafsiri ambayo vijana wa Kitale na Bungoma waliilipia kwa pesa zao wenyewe, jioni baada ya jioni, nayo haimo katika somo hilo wala katika lile la fasihi simulizi. Nazungumzia usimulizi wa filamu katika vibanda vya video, na hasa usimulizi wa zile futuhi zilizotoka Hong Kong.

Kwa asiyevijua vibanda hivyo, ni vyumba vya mabati au mbao vyenye mabenchi, televisheni moja, deki ya kanda (baadaye mashine ya DVD) na spika zilizozidi ukubwa wa chumba chenyewe. Mlangoni huwa na ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo, na tahajia ya majina hayo ingefaa kuandikiwa makala yake. Shilingi 10 au 20 zilitosha. Vilikuwapo katika mitaa kama Matisi mjini Kitale na Kanduyi kule Bungoma, na ingawa leo simu ya mkononi imevipunguza sana, watu waliolelewa humo ndio hawa tunaoketi nao darasani, na wengine sasa wanatufundisha.

Waigizaji walikuwa Jackie Chan, Sammo Hung, Yuen Biao, na baadaye Stephen Chow. Maneno ya filamu yalikuwa ya Kikantoni, au ya Kiingereza kibovu kilichobandikwa juu ya Kikantoni. Maandishi ya chini ya picha hayakusomeka kutoka benchi la tatu. Hivyo akahitajika mtu wa kusema. Nchini Kenya jina linalojulikana zaidi katika kazi hii ni DJ Afro, ambaye kanda zake zilienea kutoka Nairobi hadi miji midogo. Tanzania ilikuwa na Lufufu, yaani Kapteni Derek Gaspar Mukandala, ambaye mtafiti Matthias Krings amemwandikia kurasa nyingi katika kitabu chake cha mwaka 2015. Uganda wana akina VJ Jingo, nao husimulia kwa Kiganda. Hapo pana jambo la kuzingatia. Ukivuka mpaka wa Malaba, mwendo mfupi tu kutoka Bungoma, filamu ile ile inakuwa ya Kiganda; ukirudi upande huu inakuwa ya Kiswahili. Mjini Kitale isingeweza kuwa vinginevyo. Mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia, na reli iliyofika Kitale mwaka 1926, viliwakusanya watu wa lugha nyingi mahali pamoja, na katika kibanda kimoja walikaa Mbukusu, Msabaoti, Mpokoti, Mturukana, Mkikuyu na Mjaluo. Kilichowachekesha wote kwa pamoja kilikuwa Kiswahili.

Wapo wanaopinga kuwa hii ni tafsiri. Hoja yao, ambayo nimeisikia katika semina zaidi ya moja, ni kwamba msimulizi hajui neno hata moja la Kikantoni. Kwa hiyo hafasiri, anabuni, na kwa kubuni anaiharibu kazi asilia. Naomba tuitazame hiyo kazi asilia kwa makini kabla ya kuililia.

Kwanza, futuhi ya Kikantoni yenyewe ni mtoto wa vita vya lugha. Kufikia mwaka 1972 filamu za Kikantoni zilikuwa zimefifia kabisa mjini Hong Kong, ingawa Kikantoni ndicho kilichosemwa sokoni na majumbani. Studio kubwa zilitengeneza filamu kwa Kimandarini, lugha iliyohesabiwa kuwa na heshima na soko pana. Mwaka 1973 mwelekezi Chor Yuen akatoa The House of 72 Tenants, hadithi ya wapangaji waliosongamana katika jengo moja chini ya wenye nyumba wasio na huruma, nayo ikasemwa kwa Kikantoni. Ikapata mapato mjini humo kuliko Enter the Dragon ya Bruce Lee. Mwaka uliofuata akaingia Michael Hui na Games Gamblers Play, kisha The Private Eyes mwaka 1976, akiigiza pamoja na ndugu zake Sam na Ricky. Wahusika wao ni walinzi, wapelelezi wa bei rahisi na wacheza kamari, watu wanaodaiwa na wanaodai, na lugha yao ni ya mtaani bila kuombwa radhi. Sam ndiye pia aliyeimba kwa Kikantoni hicho hicho wakati ambapo wengi waliona wimbo wa maana ni wa Kiingereza au Kimandarini. Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili nchini Kenya ataitambua hali hiyo upesi.

Pili, na hili ndilo hoja yangu kuu, hiyo sauti asilia tunayodai kuilinda haikuwapo kwa namna tunayoidhania. Filamu nyingi za Hong Kong za miaka ya 1970 na 1980 zilipigwa picha bila kunasa sauti. Maneno yalitiwa baadaye studioni, mara nyingi na waigizaji wa sauti ambao hata hawakuonekana katika picha. Watazamaji wa Kichina wanaotumia Kimandarini wamemjua Stephen Chow kwa miaka mingi kupitia sauti ya mtu mwingine, Shi Banyu wa Taiwan, na kicheko chake cha kukatika-katika ndicho walichokipenda. Ikiwa mdomo wa Chow uliweza kuazimwa sauti mjini Taipei na watu wakaridhika, kwa nini kuazimwa kwake Kitale kuwe uharibifu?

Bila shaka kipo kilichopotea. Ucheshi wa Chow unaitwa kwa Kikantoni mo lei tau, msemo unaokaribiana kwa namna ya ajabu na wetu wa jambo lisilo na kichwa wala miguu. Unategemea michezo ya maneno katika lugha yenye toni sita, ambapo silabi moja ikipandishwa au kushushwa hubadilisha maana yote. Kiswahili hakina toni za aina hiyo. Lubukusu kina toni zake, na nimewahi kujiuliza msimulizi wa Kibukusu angefanya nini nazo, lakini hilo tuliache. Mchezo wa maneno wa Kikantoni ulikufa njiani na hapana mfasiri, awe na shahada au asiwe nayo, ambaye angeuokoa wote. Kilichofika salama ni mwili. Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa katika shule moja ya opera ya Peking mjini Hong Kong chini ya mwalimu Yu Jim-yuen, wakafunzwa tangu utotoni kuruka, kuanguka na kuimba. Katika Project A ya mwaka 1983 Chan anaanguka kutoka mnara wa saa, akimkumbuka Harold Lloyd wa filamu zisizo na sauti. Mwili wa namna hiyo unaeleweka popote. Ila ukimya wake unataka kujazwa, na hapo ndipo msimulizi wetu anapopata nafasi ya kazi.

Naye anaijazaje? Nitatoa mifano miwili niliyoisikia mwenyewe. Katika Drunken Master ya mwaka 1978 kuna mzee mlevi anayemfunza Jackie Chan kupigana kwa mitindo ya kilevi. Msimulizi wa Bungoma hakumpa mvinyo wa mchele. Alimpa busaa, akamweka na wazee wenzake kuzunguka chungu na mirija yao mirefu, na kila mtindo wa kupigana akaupa jina la mzee wa aina fulani anayerudi nyumbani usiku: anayeimba, anayelia, anayemtafuta ng'ombe asiyekuwa na hata ndama. Filamu haina hayo yote. Lakini katika filamu kila mtindo umepewa mungu wake miongoni mwa miungu minane walevi wa masimulizi ya Kichina, kila mmoja na tabia yake, na msimulizi, bila kujua jina la mungu hata mmoja, alifika karibu sana na muundo huo. Huo ni ulinganifu wa aina ambayo vitabu vyetu vinautafuta kwa taabu.

Mfano wa pili ni Kung Fu Hustle ya mwaka 2004, ambayo Chow aliitengeneza kama salamu kwa ile filamu ya wapangaji 72. Mwenye nyumba, mwanamke mwenye vikunjio vya nywele na sigara mdomoni (Yuen Qiu, naye mwanafunzi wa Yu Jim-yuen), anawafungia wapangaji maji wakiwa na povu kichwani. Kibanda kizima cha Kitale kilijua jambo hilo. Msimulizi hakuhitaji kueleza. Alitaja tu tarehe ya kodi na idadi ya madumu, na watu wakacheka hadi benchi likaanguka. Chow alikuwa amechukua kicheko cha mwaka 1973 kuhusu kodi na maji. Msimulizi alikirudisha kwa watu wenye kodi na wasio na maji.

Huyu basi ni fanani. Anatabiri kitakachotokea, anaizungumzisha hadhira na hadhira inamjibu, anampa adui jina la mtu mnayemjua, anasitisha hadithi ili amkemee aliyekanyaga waya. Upande wa Bungoma sauti moja kushika umati si jambo geni. Katika khuswala kumuse, mzee wa Kibukusu hutembea mbele ya waombolezaji akinena kwa saa nyingi, akiunganisha historia, maonyo na hata kicheko. Sisemi kwamba msimulizi wa video ni mrithi wa mzee huyo. Heshima ya shughuli hizo mbili hailingani na wazee wangenikasirikia. Nasema kwamba hadhira iliyoketi kwenye benchi ilikuwa hadhira iliyofunzwa kusikiliza.

Sipendi kila nilichokisikia. Vibanda vilikuwa vya wanaume na wavulana, na mwanamke akitokea katika picha, mzaha wa msimulizi mara nyingi ulikuwa wa kumdhalilisha. Yuen Qiu, kwa mfano, aliitwa majina ambayo siwezi kuyaandika humu, ingawa ndiye mpiganaji hodari kuliko karibu wote katika filamu ile. Haya yanataka uhakiki, na uhakiki hauwezi kufanywa juu ya matini ambayo hatukubali kuwa ni matini. Kuhusu Sheng, nitasema kwa ufupi: anayemkataa msimulizi kwa sababu ya Sheng amkatae pia Michael Hui. Kuhusu hakimiliki, ni kweli kwamba kanda nyingi zilikuwa za wizi, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 iko wazi. Lakini kisheria na kitaaluma ni maswali mawili tofauti.

Tusidhani pia kwamba sisi pekee ndio tuliosema juu ya picha za wengine. Mwaka 1991 Hong Kong ilitoa Crazy Safari, futuhi inayomwonyesha N!xau, Msan wa Namibia aliyejulikana kwa The Gods Must Be Crazy, akikutana na maiti anayerukaruka wa hadithi za Kichina. Katika nakala ya Kikantoni, sauti zinazoisimulia filamu hiyo ni za Stephen Chow na mwenzake wa miaka mingi, Ng Man-tat. Yaani bingwa wa futuhi ya Kikantoni alikaa mbele ya maikrofoni akafanya juu ya Mwafrika kile ambacho msimulizi wa Kitale alikuja kukifanya juu yake. Maneno ya N!xau mwenyewe yakawa kelele za nyuma. Natamani mtu alinganishe kazi hizo mbili: nani anachekwa katika kila moja, na nani anapewa akili. Nina dhana yangu kuwa mlevi wa busaa alitendewa kwa upendo zaidi.

Ulinganisho huo hauwezekani leo kwa sababu upande mmoja tu umehifadhiwa. Filamu ya Chow inapatikana. Usimulizi wa moja kwa moja wa vibandani haukurekodiwa, na kanda zilizorekodiwa zilitupwa DVD zilipokuja, kisha DVD zikatupwa. Kazi za DJ Afro zimesalia kwa wingi katika intaneti kwa kuwa zilipendwa mno, lakini wasimulizi wa miji midogo hawakuwa na bahati hiyo.

Chama chetu hufanya ziara ya kitaaluma, na kwa desturi tunaelekea pwani, Mombasa au Lamu, kana kwamba Kiswahili hakikufika juu ya Mlima Elgon. Napendekeza ziara moja ije Kitale na Bungoma. Idara ya Kibabii iko pale pale, na wenzetu wa Moi na Masinde Muliro hawako mbali. Tukutane na wasimulizi waliostaafu, ambao sasa wengine wana bodaboda na wengine maduka ya simu, tuwaombe wasimulie filamu moja mbele ya hadhira, tuwalipe, na turekodi hadhira pamoja na msimulizi, kwa sababu jibu la benchi ni nusu ya matini. Tuandike majina yao kama tunavyoandika majina ya manju na malenga, wakikubali. Mwenye kibanda mmoja wa zamani mjini Bungoma ameniambia ana kanda 11 za usimulizi ndani ya katoni ya sabuni, na yuko tayari kutuazima. Kwanza itafutwe deki inayofanya kazi.