Kabla ya kununua skrini ya pili, chunguza chipu

Kuna jambo linalowaumiza wanunuzi wengi: idadi ya matundu haikuambii kompyuta itaendesha skrini ngapi. Chipu ndiyo inayoamua. MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020, na ile ya M2 iliyofuata, zina matundu mawili ya USB-C, lakini rasmi zinakubali skrini moja tu ya nje. Ya M3, iliyotoka 2024, inakubali mbili mradi uifunge kifuniko. Ni ya M4, mwaka 2025, iliyoruhusu mbili ikiwa wazi.

Anayenunua M1 ya mtumba kwa kazi ya uhasibu anastahili kuambiwa haya kabla hajatoa pesa. Doki ya kawaida, hata iwe na HDMI mbili, itamwonyesha picha ileile kwenye skrini zote mbili. Dawa yake ni doki ya DisplayLink, inayopitisha picha kama data ya USB. Lazima usakinishe programu yake, na kichakataji hubeba mzigo zaidi. Kwa majedwali na barua pepe inatosha kabisa. Kwa kuhariri video siipendekezi.

Wenye Windows wana nafuu, lakini nao wahakikishe tundu lao la USB-C linapitisha picha, maana mengine huchaji na kuhamisha mafaili tu. Na kishale kikionekana kizito kwenye skrini ya 4K, angalia HDMI: toleo la 1.4 halivuki 30Hz kwa ukubwa huo.